Sikio la Kufa Husikia Dawa Ikiwahi

Wahenga wetu walituachia msemo usemao kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Msemo huu hutumika kwa mtu mkaidi asiyekubali nasaha, nasi kwa maana hiyo hatuna ugomvi nao. Lakini wako wengi miongoni mwetu wanaoishi kana kwamba maneno hayo yalisemwa juu ya sikio lenyewe, lile la nyama na gegedu. Mtoto akitoka usaha masikioni huambiwa kuwa ni mambo ya utoto na atakua nayo yatakwisha. Mzee akianza kutosikia huambiwa kuwa ndiyo uzee wenyewe. Mvuvi akilalamika kwamba kichwa kinavuma huambiwa kuwa huo ni mshahara wa bahari. Hivyo ndivyo masikio yanavyokufa mbele ya macho yetu, hali dawa ya mengi kati yao ilikuwepo, tena ya bei ndogo.

Leo basi tunapenda kuzungumza na wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, na pamoja nao viongozi na watendaji wa serikali wenye dhamana ya afya, elimu, kazi na uvuvi, juu ya kiungo hiki ambacho hukumbukwa pale tu kinapouma. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kuu juu ya usikivu iliyotolewa mwezi wa Machi 2021, lilieleza kwamba watu milioni 430 duniani, na miongoni mwao watoto milioni 34, wana upungufu wa kusikia wa kiasi cha kuhitaji huduma maalumu. Karibu watu wanane katika kila kumi kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nasi tumo humo. Shirika hilo hilo limesema kwamba kwa upande wa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na sababu zinazozuilika. Hapana shaka kwamba jambo linalozuilika likiachwa litokee, lawama yake haiwezi kutupiwa majaaliwa peke yake.

Ili tuelewane vizuri ni lazima kwanza tutazame jinsi sikio linavyofanya kazi. Sauti si kitu ila ni mtikisiko. Mpiga ngoma anapoipiga ngoma yake, ngozi iliyowambwa hutikisika, hewa iliyo jirani hutikisika pamoja nayo, na mtikisiko huo husafiri hewani kwa kasi ya kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukifika kwetu hupokelewa na jani la sikio na kuingizwa katika tundu lenye urefu wa kiasi cha sentimita 2 na nusu. Mwisho wa tundu hilo pana utando mwembamba uliokazwa mfano wa ngozi ya ngoma, nao ndio kiwambo cha sikio. Ngoma iliyoko uwanjani, kwa hivyo, huipiga ngoma nyingine ndogo iliyomo kichwani mwa kila msikilizaji.

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa kiitwacho sikio la kati. Ndani yake vimeungana vifupa vitatu ambavyo wataalamu wamevipa majina kwa kufuata sura zao: nyundo, fuawe, na kikuku cha kupandia farasi. Hicho cha tatu ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binaadamu, urefu wake hauzidi sana milimita 3. Msomaji atauliza, vifupa hivi vina kazi gani? Jawabu lake mvuvi analo bila ya kusoma kitabu. Mtu aliyepiga mbizi hasikii mazungumzo ya wenziwe waliobaki chomboni, kwa sababu sauti itokayo hewani ikigonga maji hurudi karibu yote. Sehemu moja tu katika elfu ndiyo inayopenya. Na sikio la ndani limejaa majimaji. Lau vifupa hivyo visingekuwepo, sisi sote tungekuwa kama yule aliye chini ya maji. Kazi yao ni kuikusanya nguvu ya kiwambo kilicho kipana na kuielekeza kwenye kidirisha kidogo mno cha sikio la ndani, hata shinikizo likaongezeka kiasi cha mara 20, na sauti ikaweza kuingia.

Sikio la ndani ni mfereji mdogo uliojikunja mizunguko miwili na zaidi ya nusu, kama kombe la konokono. Humo zimepangwa safu za seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Majimaji yakisukwasukwa na kikuku, vinyweleo hivyo huinama na kuinuka, na seli zikatoa ishara ya umeme inayochukuliwa na mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Kila sauti ina mahali pake katika mfereji huo. Sauti nyembamba huamsha seli za mlangoni, na sauti nene huamsha zile za mwisho kabisa, kwa mpango unaofanana na wa kanuni ya taarabu, ambayo nyuzi zake fupi hulia kwa wembamba na ndefu hulia kwa uzito. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, Georg von Békésy, alipata Nishani ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonesha jinsi wimbi la sauti linavyosafiri ndani ya mfereji huo. Pembezoni mwake mna mifereji mingine mitatu iliyopinda nusu duara, ambayo kazi yake si kusikia bali ni kumjuulisha mtu kama kichwa chake kimeinama, kimegeuka au kimesimama. Ndiyo maana maradhi ya sikio la ndani mara nyingi huja pamoja na kizunguzungu.

Hapa pana jambo moja ambalo tungependa kila msomaji alishike. Ngozi ikikwaruzika hupona, mfupa ukivunjika huunga, hata kiwambo cha sikio kikitoboka mara nyingi huziba chenyewe. Lakini seli ya kusikia ya binaadamu ikifa, haioti nyingine mahali pake. Kuku na samaki wanao uwezo wa kuotesha mpya, sisi hatunao. Kwa hivyo, maradhi ya kusikia yanagawika katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni lile la njia ya sauti kuzibika au kuharibika kabla ya kufika ndani: taka zilizoganda tunduni, kiwambo kilichotoboka, maji au usaha uliojaa sikio la kati. Hili kwa kawaida linatibika. Fungu la pili ni la kufa kwa seli au kuharibika kwa mshipa wa fahamu, na hili kwa kawaida halirudi nyuma. Busara yote ya tiba ya masikio ni kulishughulikia mapema lile linalotibika, na kulizuia lile lisilotibika lisitokee.

Tuanze na watoto. Kutoka chumba cha sikio la kati kuna kijia chembamba kinachoteremka mpaka nyuma ya pua, kazi yake ikiwa ni kupitisha hewa ili shinikizo la ndani ya kiwambo lilingane na la nje. Kwa mtu mzima kijia hicho kimeteremka. Kwa mtoto mchanga ni kifupi na kimelala karibu sawasawa. Mafua ya mtoto, kwa hivyo, yana njia nyepesi ya kupandia sikioni. Hapo mtoto hupata homa, hulia usiku, hushika au huvuta sikio lake, na mara nyingine kiwambo hupasuka na usaha ukatoka. Maumivu hupungua pale pale, na mzazi hushukuru akidhani kwamba maradhi yamekwisha. Kumbe huenda ndiyo kwanza yanaanza. Usaha ukiendelea kwa siku 14 au zaidi, huhesabiwa kuwa ni maradhi sugu, na yakiachwa huweza kula vifupa, kupooza uso, kupenya kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na hata kufika kwenye utando wa ubongo. Si kweli kwamba hakuna afaye kwa maradhi ya sikio.

Na tiba yake ni ipi? Kwa yale yaliyoanza karibuni, ni kumfikisha mtoto kituoni ili apewe dawa ya kunywa inayostahiki. Kwa yale sugu, mwongozo unaotumika duniani ni kulikausha sikio mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa kama utambi, kukibadilisha mpaka kitoke kikavu, na baada ya hapo kutia matone maalumu yaliyoandikwa na mganga kwa muda wa wiki mbili. Hakuna mashine wala upasuaji katika maneno haya. Kinachohitajika ni kitambaa, chupa ndogo ya dawa, na mama aliyeelekezwa vizuri. Mtoto huyo asizamishe kichwa baharini wala kisimani mpaka sikio likauke na mganga aridhike kwamba limepona.

Wakati huo huo hatuna budi tukemee baadhi ya mazoea yetu. Sikio la mtoto si taa ya kutiwa mafuta. Wako watiao mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, wako watiao maziwa ya mama, maji ya vitunguu, na hata mafuta ya taa. Vitu hivyo vikipita kwenye kiwambo kilichotoboka huingia moja kwa moja katika chumba cha ndani, na huko huongeza uchafu au huunguza. Kadhalika, tuache kuchokoa masikio kwa njiti za kiberiti, kwa unyoya wa kuku, kwa ncha ya ufunguo au kwa vijiti vya pamba. Nta ya sikio si uchafu. Ni kinga inayonasa vumbi na wadudu, na kwa kawaida hujisukuma yenyewe mpaka nje. Mwenye kuchokoa huirudisha ndani na kuishindilia, kisha akalalamika kwamba sikio limeziba.

Lakini madhara makubwa kuliko yote ya usaha huo hayamo sikioni, yamo skuli. Mtoto ambaye masikio yake yamejaa maji husikia sauti ya mwalimu lakini hayapambanui maneno. Anaulizwa jambo hajibu. Anatumwa kitu analeta kingine. Anakaa nyuma ya darasa na kuchoka. Mwalimu humwita mvivu, mzazi humwita mkaidi, na wenziwe humwita mjinga. Baada ya miaka michache huacha skuli, nasi tunahesabu kuwa amefeli. Tunawauliza wahusika: ni wangapi miongoni mwa watoto walioadhibiwa kwa kutosikia amri ambao kwa hakika hawakuisikia?

Yako pia masikio ambayo huharibika kabla mtoto hajasema neno lake la kwanza. Mama mjamzito akipatwa na rubela, ugonjwa ambao kwake yeye ni vipele vya siku chache tu, mtoto aliyemo tumboni huweza kuzaliwa kiziwi. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo navyo huua kusikia. Vivyo hivyo uzazi mgumu uliomkosesha mtoto hewa, na homa ya manjano ya wachanga isiyotibiwa kwa wakati. Katika nchi yetu chanjo ya surua iliunganishwa na ile ya rubela tokea mwaka 2014. Kila mzazi anayempeleka mwanawe kuchanjwa na ajue kwamba siku hiyo amelinda pia masikio yake, na ya watoto wengine ambao bado hawajazaliwa.

Katika fungu hili zimo pia baadhi ya dawa. Wazee waliotumia kwinini kwa ajili ya malaria wanakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakivuma. Mavumo ya kwinini kwa kawaida huondoka, lakini madhara ya baadhi ya sindano, kama vile streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini, huweza kudumu, kwa kuwa huziua zile seli zenye vinyweleo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kanamaisini isitumike tena katika kutibu kifua kikuu sugu, na kwamba vidonge vichukue nafasi yake. Hatusemi dawa za namna hii zikataliwe, kwani zimeokoa na zinaokoa maisha. Tunasema zisitumiwe bila ya mganga, zisizidishwe, na mgonjwa aulizwe kila mara kama masikio yanavuma au yanapungua kusikia.

Sasa tuiendee bahari, ambayo ndiyo shamba letu. Kila mtu anayezama hujua kwamba masikio huanza kuuma kabla ya kifua kuchoka. Sababu yake ni kwamba shinikizo la maji huongezeka kwa haraka. Kwenye kina cha mita 10 huwa mara mbili ya lile la juu. Hewa iliyomo katika sikio la kati hubanwa, kiwambo husukumwa kwa ndani, na kama ile njia ya nyuma ya pua haikufunguka ili hewa iingie, kiwambo hupasuka. Wala hakihitaji kina kirefu. Hata mita chache zatosha, kwa sababu mabadiliko makubwa kuliko yote hutokea karibu na uso wa maji. Mwenye kufuata majongoo, kamba au kombe hana budi ashuke polepole, abane pua na kupuliza kwa upole tokea mwanzo kabla ya maumivu, na akishindwa kuyafungua masikio arudi juu. Mwenye mafua asizame kabisa siku hiyo.

Wako vijana wanaojivuna kwamba masikio yao yameshapasuka na kwa hivyo hawasikii tena maumivu ya kina. Huu si ushujaa. Maji ya baridi yakiingia kwa ghafla kupitia kiwambo kilichotoboka huigusa ile mifereji ya mizani, na mzamiaji akashikwa na kizunguzungu kikali hata asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Ardhini mtu wa namna hiyo angekaa kitako apumzike. Chini ya maji hana pa kukaa. Tukisikia kwamba fulani, mwogeleaji hodari, amezama mahali alipopazoea, tukumbuke kwamba huenda aliyemsaliti ni sikio lake. Na yule anayevua kwa baruti, licha ya kuvunja sheria na kuangamiza matumbawe, ajue kwamba mlipuko huo hauchagui. Unaoua samaki huweza pia kupasua sikio la mvuvi.

Hatari nyingine ni kelele, na hii haina maumivu ya kumwonya mtu. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kiasi cha desibeli 60. Kwenye desibeli 85 mtu anaweza kufanya kazi saa nane kwa siku, na hapo ndipo ulipo mpaka unaokubalika na wataalamu wengi. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huzidi maradufu, na muda wa usalama hupungua nusu: kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili. Asiye na chombo cha kupimia atumie kipimo hiki chepesi: ikiwa huwezi kusikilizana na aliye umbali wa mkono ila kwa kupiga makelele, basi mahali hapo panakula masikio yako. Wafikirie basi wanaokaa kutwa pembeni mwa mashine ya boti, wanaosaga nafaka, wanaochana mbao, wanaochonga mawe, na vijana walioziba masikio yao kwa vipaza sauti vidogo vya simu usiku kucha. Harusi zetu nazo, ambazo zamani zilitosheka na ngoma na zumari, leo zimewekewa vipaza sauti vya kutikisa mabati, na watoto wachanga wamelazwa chini yake.

Kelele huanza kuziua zile seli za sauti nyembamba, na umri nao hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mzee husema, “Nakusikia, lakini sikufahamu.” Maneno yake ni ya kweli kabisa. Irabu ni nene na zinamfikia. Konsonanti nyembamba zimempotea. Ukimwambia “saa”, “taa” au “faa”, yote kwake ni mamoja. Kumpigia makelele hakumsaidii, bali humfedhehesha. Kaa mbele yake, auone mdomo wako, sema taratibu, na zima redio kwanza. Miongoni mwa watu waliozidi umri wa miaka 60 duniani, zaidi ya robo wana upungufu mkubwa wa kusikia. Mzee aliyeacha kwenda barazani huenda hakuchoka na watu. Amechoka kucheka pale wenziwe wanapocheka bila ya kujua kilichosemwa.

Kuna uziwi unaorithiwa, nao kwa watu wa visiwani ni jambo la kutazamwa kwa makini bila ya aibu. Mara nyingi wazazi wote wawili husikia vyema, ila kila mmoja amebeba kinasaba kilichojificha, na wakikutana wenye kinasaba kile kile, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa kiziwi. Mahali ambapo koo ni chache na ndoa za ndugu ni jadi, bahati ya kukutana huwa kubwa zaidi. Hatuandiki haya ili kuzitia doa ndoa za binamu. Tunaandika ili nyumba ambayo uziwi umejitokeza zaidi ya mara moja itafute ushauri wa daktari, badala ya kutafuta mchawi.

Katika jambo hili kipo kisiwa kimoja ambacho tunaweza kujifunza kwacho. Ni kisiwa cha Martha's Vineyard, kwenye pwani ya Massachusetts nchini Marekani. Tokea karne ya kumi na saba walihamia huko watu waliobeba uziwi wa kurithi, na kwa kuwa walioana wenyewe kwa wenyewe, katika karne ya kumi na tisa mtu mmoja katika kila 155 kisiwani humo alizaliwa kiziwi, hali nchini Marekani kwa jumla alikuwa mmoja katika kila 5,700 hivi. Mtafiti Nora Groce, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza jinsi watu wa kisiwa hicho walivyolikabili jambo hilo: wote, viziwi na wasikiao, walijua lugha ya alama tokea utotoni. Viziwi walivua, walilima, walioa na kuhudhuria mikutano kama wengine, na wavuvi wenye kusikia walizungumza kwa alama toka chombo kimoja hadi kingine pale upepo ulipoyameza maneno. Mtu wa mwisho wa uziwi huo wa kurithi alifariki mwaka 1952. Funzo lake ni wazi. Masikio ya watu wale hayakupona, lakini hayakuwatenga na wenzao, kwa sababu jamii yao iliamua kujifunza.

Na sisi hatuanzi patupu. Katika Tanzania skuli ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizo mwaka 2009. Tokea mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapandikiza baadhi ya watoto viziwi kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini upasuaji wa namna hiyo ni wa gharama kubwa na ni wa wachache, ilhali chupa ya matone na kitambaa safi ni vya kila shehia.

Kwa hivyo tunatoa rai ifuatayo kwa wahusika. Kwanza, matone ya masikio na kurunzi ya kutazamia sikio visikosekane katika kituo cha afya hata cha kisiwa kilicho mbali, na wauguzi wafunzwe kuvitumia, kwani mama wa kisiwani akiambiwa asubiri chombo na maji yajae ili avuke kufuata dawa ya sikio, mara nyingi hatavuka. Pili, kila mtoto anayeingia darasa la kwanza apimwe kusikia kwake, na mwalimu asimhukumu mtoto kuwa mzito kabla ya masikio yake kutazamwa. Tatu, watoto wachanga, na hasa waliozaliwa kwa shida, wapimwe mapema. Kipimo kinachokubalika duniani ni kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na kuanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Nne, maofisa wa kazi na wa uvuvi wahesabu masikio ya mfanyakazi na ya mzamiaji kuwa ni sehemu ya usalama wao. Na tano, kiziwi anapokwenda hospitali, mahakamani au ofisini amkute mtu anayejua lugha ya alama, maana mgonjwa asiyeweza kueleza anapoumwa huenda akatibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Tunajua kwamba jawabu la kwanza litakuwa ni kwamba fedha hazitoshi na kwamba yako maradhi yanayoua zaidi. Hatuubishi uzito wa hoja hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila dola moja inayotumika katika huduma za masikio hurudisha karibu dola 16 katika muda wa miaka kumi. Marejesho hayo hayaonekani katika daftari la wizara moja. Yanaonekana kwa mtoto aliyemaliza skuli badala ya kuiacha, kwa mvuvi aliyerudi pwani, na kwa bibi anayewasimulia wajukuu na kuyasikia maswali yao.

Wananchi nao wasikae wakingoja serikali. Mzazi aliyesoma makala hii na ambaye mwanawe ana sikio linalotoka usaha, asiseme atakwenda baada ya mwezi mpya wala baada ya mavuno ya karafuu. Kesho asubuhi amchukue mtoto ampeleke kituoni, na akikuta dawa hakuna, amwarifu sheha wake na aulize lini itakuja, na arudi tena siku hiyo hiyo aliyotajiwa kuuliza. Sikio la kufa, tumeona, husikia dawa ikiwahi. Kinachobaki kujulikana ni kama sisi tulio na masikio mazima tutasikia tunapoambiwa.